Kung'aa si Kulainika

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya sukari hapa Njombe mjini nikamsikia mwenye duka akimshauri dada mmoja aliyepauka mikono: "Beba kopo kubwa la mafuta ya mgando, baridi hii ngozi inataka unyevu." Nikanyamaza, maana nilikuwa na njaa na foleni ilikuwa ndefu. Lakini hiyo ni mara ya ngapi? Mimi kazi yangu ni ngozi za watu, na kuanzia Mei ikielekea mwisho hadi Agosti maneno hayo nayasikia mpaka ndotoni.

Mafuta ya mgando hayana hata tone la maji. Yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini. Robert Chesebrough aliyachukulia hataza kule Marekani mwaka 1872, na tangu siku hiyo kazi yake ni moja tu, kuziba. Tena yanaziba barabara, sijaona cha bei hiyo kinachoyazidi. Ukiyapaka kwenye ngozi yenye maji, maji hayatoki. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, umefunika sufuria ambayo ndani mna kijiko kimoja cha maji. Nasema kijiko kimoja kwa sababu sitaki kudanganya: maji hupanda polepole kutoka ndani ya mwili, kwa hiyo hata aliyejipaka pakavu atapata nafuu kidogo kufikia asubuhi. Ila atakwambia "nimelainika" dakika ileile aliyomaliza kujipaka, na hapo ndipo ninapochoka. Umeng'aa, mama. Kulainika bado.

Wabishi wa huku kwetu wana hoja moja ambayo naiheshimu. Wanasema: Njombe Juni ni ukungu na manyunyu, nguo hazikauki siku mbili, sasa ngozi inakaukaje? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye joto la hewa. Hewa ya nyuzi 5, hata ikishiba maji mpaka ikageuka ukungu, mita moja ya ujazo hubeba takriban gramu 7 za maji. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30. Sasa chukua ile hewa ya ukungu, iingize chumbani kwenye jiko la mkaa, au iache iguse tu ngozi yako iliyo na nyuzi 32 hivi. Ikipata joto inakuwa na kiu, na cha kunywa kilicho karibu ni wewe. Ndiyo maana mtu anashuka Dar es Salaam mwezi huohuo, wiki moja tu, magaga yanaanza kufunga yenyewe, halafu anarudi kusifia mafuta aliyonunua Kariakoo.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja, miundi yake imepasuka vipandevipande kama tope la bwawa lililokauka. Huo ni ukurutu wa ukavu, wazee wanaupata sana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Najipaka mara nne kwa siku, na bado nawashwa."

Nikamuuliza anaogaje. Anaoga usiku, maji yanatoa mvuke, anajisugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ileile ya kufulia. Anajifuta mpaka anakauka kabisa. Anakaa jikoni na wajukuu hadi saa nne, miguu imeelekea moto. Ndipo anajipaka, akienda kulala. Kwenye miundi alikuwa pia na madoa ya kahawia yaliyosukana kama wavu. Hayo huletwa na moto, ukiukalia karibu miaka na miaka.

Mara nne kwa siku, na zote nne pakavu!

Sabuni tusiichezee. Ngozi ina uchachu wake, pH kama 5 (namba hiyo ikipanda, uchachu unapungua), na sabuni nyingi za kipande ziko 9 hadi 10. Maji ya moto yanaondoka na mafuta ya asili yaliyoshikilia chembe za juu za ngozi, sabuni inamalizia. Kwa hiyo msimu huu oga maji ya vuguvugu, sabuni kwapani, kinenani na nyayoni, dodoki lipumzike. Jipanguse juujuu, ngozi ibaki na umande, hapohapo jipake, bado uko bafuni. Vitabu vinasema ndani ya dakika tatu. Kwa nini tatu na si saba, mimi sijashawishika. Ninachojua ni kwamba ukishavaa sweta hutalivua tena ujipake.

Gliserini ni habari nyingine, yenyewe inavuta maji kweli. Ichanganye na maji, jipake, kisha mgando juu yake. Usiipake kavu kavu, utanata tu. Na naomba tuelewane kuhusu gliserini na limau. Nani aliwafundisha? Limau likikutana na jua kwenye ngozi linaunguza. Nimeona malengelenge yaliyochora njia ya matone kutoka kiwiko hadi kidoleni, kisha doa jeusi la miezi. Jua la Julai hulisikii likichoma, ndiyo, lakini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na miale haingoji joto. Ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaoumizwa na dhana hii: wingu likitanda, kofia inawekwa na Kilisun, ile krimu ya kukinga jua ya hospitali ya KCMC Moshi, inakaa kabatini mpaka Septemba.

Kuwashwa usiku, na vipele katikati ya vidole, na nyumba nzima mnajikuna? Huo ni upele, mmegawana blanketi, njooni mtibiwe wote. Mwasho bila kitu chochote kinachoonekana, wiki kwa wiki, upimwe damu. Figo na ini huanza kulalamika hivyo. Maji mengi kunywa tu, figo zitashukuru, ila sijaona miundi iliyopona kwa jagi. Na jiko la mkaa litoke nje kabla ya kulala, hilo si suala la ngozi, ni la uhai.

Bibi nilimpa krimu ya yurea ya asilimia 10, dawa inayoshika maji kwenye ngozi, nikamzuia dodoki na sabuni ya mche miguuni, nikamwomba maji ya vuguvugu, na kiti chake kisogezwe mbali na moto. Wiki tatu baadaye ngozi ilikuwa imefunga. Ule wavu wa kahawia bado ulikuwepo. Kipi kilichomponya kati ya hivyo? Sijui, nilibadilisha vyote siku moja, kosa ambalo mwanafunzi wangu ningemkalipia. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Miguu mizuri, mwanangu. Lakini hayo maji yako ya vuguvugu nimeyaacha tangu siku ya pili. Unataka nife na baridi?"