Je, wajua? Ini na utumbo husoma jeni moja kwa namna mbili

Mtu wa Ujiji akishiba ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, kisha akatolewa damu saa tatu hivi baadaye na damu hiyo ikazungushwa kwenye mashine ya maabara, yale maji ya manjano yanayobaki juu huwa na ukungu, kana kwamba yametiwa tone la maziwa. Ndiyo maana wanaopimwa mafuta mara nyingi huambiwa waje asubuhi na njaa zao.

Ukungu huo ni vitone vya mafuta kutoka utumboni. Mafuta na damu havipatani, hivyo lazima yabebwe, na mbebaji ni protini iitwayo ApoB. Ini nalo hutoa ApoB, ndefu, yenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) 4,536. Ya utumbo ina 2,152, haifiki hata nusu. Ungedhani ni jeni mbili. Wapi! Jeni ni ileile, herufi kwa herufi.

Mchezo unachezwa kwenye nakala. Jeni yenyewe haitoki ndani ya kiini cha seli; kinachotoka ni nakala yake, RNA. Kwenye utumbo, kimeng'enya APOBEC1 huidaka nakala hiyo na kugeuza herufi moja tu: C inakuwa U. Neno CAA linasomeka UAA, na UAA kwa seli ni nukta. Protini inakatikia hapo. Ini la binadamu halina kimeng'enya hicho (la panya linacho), basi husoma mpaka mwisho. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1987. Na ApoB ndefu ya ini ndiyo inayobeba LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa.

Uhariri huu haupo tumboni tu. Vimeng'enya vya ADAR hubadili A ikasomeka kama G. Kwenye ubongo, ADAR2 huhariri mlango mmoja wa seli za neva usipitishe kalsiamu. Kwa baadhi ya waliofariki kwa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, baadhi ya nakala za mlango huo zilikutwa hazijahaririwa. ADAR1 ikiharibika ndiyo balaa kwa watoto: kinga huiona RNA ya mwili wenyewe kama kirusi, ikaanza kuushambulia ubongo. Huo ni ugonjwa wa Aicardi-Goutières.