Je, kutoa masega ya ekzosi hupunguza ulaji wa mafuta?

Wamiliki wengi wa magari ya zamani mjini Tabora huamini kwamba masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) huibana injini, na kwamba yakitolewa gari litakula petroli kidogo zaidi. Ni kweli kwamba udhibiti wa moshi uliwahi kuongeza ulaji, lakini kabla ya masega: nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini zilipunguziwa moshi kwa kuchelewesha cheche ya plagi inayowasha mafuta, na ulaji wa mafuta ukaongezeka. Masega yalipoanza kufungwa kwenye magari ya mwaka 1975, yalisafisha moshi nje ya injini, hivyo watengenezaji wakaweza kurekebisha cheche na ulaji ukapungua.

Masega mazima hayabani injini kiasi cha kuhisiwa katika mwendo wa kawaida. Yaliyoziba hubana kweli, lakini kwa kawaida huzibwa na mafuta yasiyoungua au oili inayovuja ndani ya injini, na hitilafu hiyo hubaki hata yakitolewa. Hasara kubwa huja sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, inapotolewa pamoja nayo, kwa kuwa kompyuta ya injini, ikikosa taarifa ya kulenga takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, mara nyingi huongeza mafuta.

Kabla ya kumruhusu fundi akate chochote, jaza tangi, endesha hadi Nzega na kurudi kwa mzigo na mwendo uleule, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Rudia safari kadhaa, kwani moja haitoshi.