Kuatamia: kuku anapogoma kutoka kiotani

Magazetini, kuatamia ni lawama. Ofisa kaatamia faili, mkandarasi kaatamia fedha za barabara: kakalia kitu na hakuna kinachotokea. Aliyewahi kufuga kuku anajua neno hili limeonewa, maana kuku akishaatamia ndipo kazi inapoanza.

Kuatamia (wengine hutamka kuhatamia, na mitaani utasikia zaidi kulalia au kukalia mayai) ni kuku jike kuacha kutaga, akakaa juu ya mayai usiku na mchana kuyapa joto mpaka yaanguliwe. Ni badiliko la mwili. Homoni iitwayo prolaktini hupanda kwenye damu, utagaji unakatika na tabia inageuka. Kuku aliyekaa kiotani kwa muda kisha akatoka anatetea, huyo ametaga tu. Anayeatamia utamjua jioni: wenzake wameshapanda kulala, yeye bado yumo kiotani. Ukipeleka mkono anatanua manyoya kama mwavuli, ananguruma kwa chini, na akidonoa anadonoa kweli. Kifuani manyoya yamenyonyoka, na ngozi ya hapo ukiigusa ina joto. Ndiyo inayogusana na yai. Hutoka mara moja hivi kwa siku, kama dakika 15 hadi 30. Anakula kwa pupa, anakunywa, anaoga vumbi, kisha anaangusha kinyesi kikubwa cha mkupuo mmoja, chenye harufu ambayo mgeni wa kuku atadhani ni ugonjwa.

Sasa lile linalowachanganya wengi. Kuku ametaga mayai 12 kwa zaidi ya wiki mbili, lakini vifaranga wanatoka karibu siku moja. Yai lenye mbegu likishatagwa na kupoa, kiinitete ndani yake husimama kukua. Kinasubiri joto la kudumu, nyuzi 37 na nusu hivi. Wakati wa kutaga kuku hakai, anataga, anaondoka. Siku anayokaa moja kwa moja ndiyo siku ya kwanza kwa mayai yote, la wiki iliyopita na la jana. Toka hapo hesabu siku 21.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Kuku wetu mweusi alikuwa amelalia mayai tisa kwenye beseni bovu nyuma ya jiko. Baada ya siku sita nikaona nafasi bado ipo, nikamwongezea manne. Siku ya 21 wakatoka saba, kesho yake akashuka nao uani kuwafundisha kuchakura. Yale manne yakabaki yamepoa. Nilipasua moja: kifaranga alikuwa ameshaota manyoya.

Kwa hiyo mayai yote huwekwa siku moja, tena usiku, kuku akiwa ametulia. Yatie alama kwa penseli au mkaa, kwa sababu kuku wengine hupenda kuja kutaga humohumo. Kila siku akitoka kula, lisilo na alama litoe, hilo ni la kukaanga. Kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Zaidi ya hapo ya pembeni yanapigwa na baridi. Chagua yasiyozidi siku saba hadi kumi tangu kutagwa, yaliyohifadhiwa mahali pa ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Usiyaoshe, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu kuingia. Na ya dukani mwachie mpishi: kuku wa mayai wa kisasa kwa kawaida hufugwa bila jogoo, hivyo mayai yao hayana mbegu. Atayalalia mpaka Krismasi.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi ya simu na kipande cha boksi chenye tundu, mulika yai moja moja. Ukiona mishipa myekundu imetapakaa kama miguu ya buibui, kifaranga yupo. Likiwa jeupe tupu, halina mbegu. Hilo watu huliita viza, lakini viza hasa ni lile lililoharibika chini ya kuku. Hilo usilitikise, na usilipasue karibu na dirisha la jirani.

Kuku wa mayai wa kisasa karibu hawaatamii kabisa. Wazalishaji waliichuja tabia hiyo kizazi baada ya kizazi, kwani kila wiki ya kulalia ni wiki bila yai. Wa kienyeji amebaki nayo, na gharama yake ipo: wiki mbili tatu za kutaga, tatu za kuatamia, na nyingine nane au zaidi za kulea. Mwaka unaishia kwenye mizunguko mitatu, minne. Wafugaji wenye kuku kadhaa huwapanga: anayetangulia kuatamia anakalishwa juu ya mayai ya bandia mpaka wenzake wafikie, kisha wote wanapewa mayai halisi usiku mmoja. Vifaranga wanatoka pamoja, wanachanjwa pamoja.

Na kama hutaki aatamie? Wapo wanaomchovya majini, wapo wanaompitisha unyoya puani. Huo ni ukatili tu. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya waya, lililoinuliwa ili hewa ipite chini ya kifua, na maji na chakula humo. Kwa kawaida siku tatu nne zinatosha.

Ikifika siku ya 20, tega sikio: kifaranga analia akiwa bado ndani ya ganda, na mama anamjibu kwa mlio wa chini. Kutoka ufa wa kwanza hadi kutoka nje inaweza kuchukua siku nzima, na mwenye huruma akibandua ganda mapema husababisha damu. Aliyetoka hana njaa. Kabla ya kuanguliwa ameshavuta tumboni kiini kilichobaki, kinamtosha siku mbili hivi. Ndiyo maana mama anaweza kubaki amekaa, waliotoka chini ya bawa, akiwasubiri waliochelewa. Ila subira yake ni ya siku moja, mbili. Manne yangu yalihitaji sita.