Mtaji wa benki hauko kabatini

Benki ikianguka tu, hakosi mtu wa kuandika kwamba serikali iyalazimishe mabenki "yaweke mtaji zaidi kabatini". Jamani! Mtaji hauwekwi kabatini. Ni fedha za wenye hisa pamoja na faida ambayo haikugawiwa, na zilishakopeshwa au kununuliwa hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) zamani. Kazi yake ni kumeza hasara kabla haijamfikia mwenye amana. Hela ya kumlipa anayekuja kuchukua chake leo ni ukwasi, habari nyingine kabisa. Ndiyo maana Benki Kuu ya Kenya huvipima mbalimbali: mtaji wa msingi usipungue asilimia 10.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari (mkopo wenye hatari zaidi huhesabiwa mzito zaidi), ukwasi usipungue asilimia 20.

Chukua Silicon Valley Bank ya Marekani. Mwisho wa 2022 uwiano wake wa mtaji ulikuwa juu ya kiwango. Safi, kwenye karatasi. Lakini ilikuwa na hatifungani za dola bilioni 91 hivi zilizoandikwa kuwa zitashikiliwa hadi kuiva, yaani hadi siku mkopo unaporudishwa, na zikiandikwa hivyo, bei ya soko haigusi mtaji. Sasa piga hesabu: hatifungani ya dola 100 inayolipa asilimia 1.5, imebakiza miaka 10. Riba ya soko ikifika asilimia 4, utaiuza kwa dola 80 tu. Kwa mtindo huo benki ilikuwa imekalia hasara ya bilioni 15, na mtaji wote ulikuwa kama bilioni 16. Hakuna kilichofichwa, ilichapishwa kwenye maelezo ya hesabu zake, pale wasomaji wengi wanaporuka.

Machi 8, 2023 ikatangaza kwamba imeuza hatifungani nyingine za bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakaondoa bilioni 42. Tarehe 10 ikafungwa.

Wapo wanaoilaumu sheria ya 2018, iliyopandisha kizingiti cha usimamizi mkali kutoka mali za bilioni 50 hadi 250. Ni kweli, nusu. Benki inaanguka, wasimamizi wa Fed, benki kuu ya Marekani, walikuwa na dosari 31 walizokwisha kuiandikia na hazijarekebishwa. Waliona, wakaandika barua, wakasubiri majibu.

Hata kanuni kali ya ukwasi nina shaka nayo: inaitaka benki iwe na hela ya kuhimili msukosuko wa siku 30. Bilioni 42 ziliondoka siku moja, watu wakibonyeza simu.