Mboga kula, ila usinishtukize

Mtu aliyewekewa valvu ya chuma moyoni akiingia kliniki, kabla sijashika stetoskopu natega sikio. Chumba kikitulia, utaisikia: tik, tik, kama saa ya mkononi. (Tunaiita ya chuma kwa mazoea, vijilango vyake siku hizi ni vya kaboni.) Wenza wao hulalamika kwamba inawanyima usingizi. Mimi ule mlio naupenda. Ukififia ghafla ndipo moyo wangu mimi unakwenda mbio, maana huenda damu imeganda kwenye bawaba.

Kwa hiyo wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni kila siku, maisha yote, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inapimwa na kuandikwa kwenye daftari. Asiyetumia dawa hii husoma 1 hivi. Mwenye valvu ya maitro (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) namtaka kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, bonge la damu laweza kukimbilia ubongoni. Ikipanda mno, fizi zinavuja damu na choo kinakuwa cheusi kama lami.

"Dokta, nimeambiwa niache mchicha." Nani kakwambia? Vitamini K ya mchicha, kisamvu na matembele hupunguza makali ya wafarini, kweli, lakini ukila kwa kiasi kilekile siku zote nitakupangia dozi inayolingana. Kinachonivurugia hesabu ni kukaa mwezi bila mboga, kisha uende kijijini ukale kisamvu wiki nzima.

Hata hivyo mboga hainitishi kama duka la dawa. Mzee mmoja daftari lake lilisoma 2.8, 3.1, 2.9, halafu siku hiyo 7, na mapaja yana mabaka ya damu iliyovilia.

"Mzee, umetumia dawa gani?"

"Sijatumia dawa yoyote."

"Hata ya tumbo?"

"Aah, hiyo ni Flagyl tu."

Flagyl tu! Hulizuia ini kuivunja wafarini, ikajaa mwilini. Septrin nayo vivyo hivyo. Diklofenaki, ile ya maumivu, huchubua tumbo, na rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha INR.

Na nyie kina dada, siku zikipita msisubiri tarehe ya kliniki. Njooni wiki hiyohiyo. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ila msiiache wenyewe nyumbani. Tutaibadilisha pamoja, kwa sindano, huku tukipima.