Mzunguko wa Jamhuri Dodoma uko wazi: yanayosemwa na ukweli wake

Timu yetu ya Dodoma Jiji, inayoitwa kwa utani Walima Zabibu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na tangu hapo mpira wa daraja la juu unachezwa katikati ya mji wetu. Lakini siku Walima Zabibu wanapokutana na timu isiyo na jina kubwa, mzunguko wa Uwanja wa Jamhuri, yaani majukwaa ya wazi yanayouzunguka uwanja, unakuwa na watu wa kuhesabika, na kocha akimfokea beki wake anasikika mpaka upande wa pili wa uwanja. Kila kijiwe kina maelezo yake kuhusu hali hii. Mengi yana chembe ya kweli, ila yanabebeshwa mzigo yasiouweza, na kibaya zaidi yanawapa watu wa mpira sababu ya kukaa na kusubiri.

"Watu wa Dodoma hawapendi mpira"

Hili linaniuma kuliko mengine yote. Simba au Yanga ikija hapa, wauza jezi wanatandika bidhaa zao pembeni mwa barabara tangu asubuhi, bodaboda zinapita na bendera, wauza karanga na maji hawapati nafasi ya kukaa, na saa nane mchana foleni ya getini imeshajikunja mara mbili. Watu hao hawajashushwa na basi kutoka Dar es Salaam. Ni wa Chang'ombe, Nkuhungu, Kisasa na Area C, ni wanafunzi wa UDOM, na wengine wametoka Kongwa, Bahi na Chamwino.

Vipaji navyo vipo. Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakarudi na ubingwa wa Afrika wa soka la shule. Mji usiopenda mpira hauwezi kulea mabinti wa namna hiyo.

Mapenzi yapo, lakini yana wenyewe. Yanga imekuwepo tangu 1935 na Simba tangu 1936, kwa hiyo mtoto wa Dodoma anazaliwa akikuta upande wa nyumbani kwao umeshachaguliwa na babu yake. Sasa piga hesabu. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza nyumbani mara 15 kwa msimu, na kati ya hizo, wakubwa wa Kariakoo wanakuja mara 2 tu. Siku hizo mbili Jamhuri inajaa, ingawa wengi wa waliojaa wanamshangilia mgeni, na mwenyeji anacheza kama yuko ugenini. Zinabaki mechi 13. Swali la kweli ni kwa nini watu wale wale, wa mitaa ile ile, hawaji kwenye hizo 13.

"Azam TV ndiyo iliyoua viwanja"

Hoja hii ina nguvu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 2021 shirikisho la mpira wa miguu nchini, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mtu mwenye kisimbuzi anaiona ligi nzima akiwa sebuleni, na asiye nacho ataiona kwenye kibanda umiza cha mtaani kwa hela ndogo. Ni rahisi kusema basi, hapo ndipo mashabiki walipoishia.

Lakini dabi ya Simba na Yanga huonyeshwa mubashara nchi nzima, na bado Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaobeba watu 60,000, hujaa. Tuseme hao ni wakubwa, wana mambo yao. Haya, tuwaangalie Mbeya City. Walipanda daraja msimu wa 2013/14, msimu ambao Azam TV ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye ligi, wakiwa na kikosi cha vijana ambao nchi haikuwajua majina. Walimaliza nafasi ya tatu, na Uwanja wa Sokoine ulikuwa unafurika watu wa Mbeya waliokuja kuiona timu ya Mbeya. Televisheni ilikuwepo. Haikuwazuia.

Ninavyoona mimi, televisheni imefanya mambo mawili. La kwanza ni ratiba. Ili mechi zisigongane hewani, zinasambazwa wiki nzima, na nyingine zinaangukia saa nane mchana au saa kumi jioni siku ya kazi. Mtumishi wa ofisi za serikali kule Mtumba anatoka kazini saa tisa na nusu. Mpaka apate usafiri, afike mjini na kupanga foleni ya tiketi, mechi ya saa nane imekwisha na ile ya saa kumi imeshaanza. Muuza nyanya wa soko la Majengo ndiyo kabisa, kwa sababu jioni ndiyo saa yake ya kuuza. Ukimwona mtu huyo kwenye kibanda umiza usiku akitazama mpira wa Ulaya, usimhukumu kwamba kaipa mgongo timu ya nyumbani. Ligi ya Uingereza inachezwa saa ambayo yeye ameshafunga kazi.

Wenzetu wa kriketi walikutana na jambo hili hili. Kule Uingereza mechi za kaunti huchezwa kwa siku kadhaa, mchana, siku za kazi, na viwanja vilizidi kuwa vitupu. Mwaka 2003 wakaanzisha mechi fupi ya ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita inayorushwa), inayokwisha ndani ya saa tatu hivi, wakaiweka jioni watu wakitoka kazini. Umati ukarudi, na mtindo huo ukasambaa dunia nzima. Televisheni hazikuzimwa. Walichokifanya ni kumfuata mtazamaji kwenye saa aliyonayo.

Jambo la pili ni fedha. Mgawo wa televisheni unazisaidia klabu za mikoani kulipa mishahara na nauli, na hilo ni jema, maana kabla yake tulizoea kusikia timu imekwama safarini. Lakini klabu inayoweza kumaliza msimu bila kutegemea mapato ya getini inapoteza haraka ya kumtafuta shabiki. Hapo ndipo lawama inapostahili kukaa, na si kwenye kamera.

"Washushe kiingilio, watu watajaa"

Siku Simba au Yanga inapokuja ndiyo siku viingilio hupandishwa, na ndiyo siku uwanja unapojaa. Ukweli huo unatosha kuonyesha kwamba bei peke yake haielezi kitu.

Kriketi tena ina mfano mzuri. Mechi za Ranji Trophy, mashindano ya majimbo ya India, mara nyingi hazina kiingilio kabisa, na huchezwa mbele ya viti vitupu katika nchi inayouabudu mchezo huo. Tarehe 30 Januari 2025 nyota wa timu ya taifa, Virat Kohli, alirudi kuichezea Delhi kwenye mashindano hayo baada ya zaidi ya miaka 12, na maelfu wakajazana getini tangu alfajiri. Siku hiyo nayo kiingilio kilikuwa bure, kama siku zile za viti vitupu. Walimfuata mtu wanayemjua.

Hata hivyo sitaki tuwabeze wanaolalamikia gharama. Baba wa Ihumwa anayetaka kuja na watoto watatu halipi tiketi tu. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, maji, na kitu cha kutafuna. Kwa familia hiyo punguzo la watoto lina maana kubwa kuliko kushusha bei kwa kila mtu.

"Mji wa watumishi, Ijumaa wote wako kwenye SGR"

Ni kweli kwamba tangu treni ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wapo wanaowahi familia zao Dar es Salaam kila wikiendi. Lakini sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ikiwa na watu 410,956, na ya 2022 ikakuta 765,179. Waondoke hata maelfu, wanaobaki wanaijaza Jamhuri na kusaza.

"Timu ya halmashauri haiwezi kuwa na mashabiki"

Mbeya City nayo ilikuwa ya halmashauri. Kwa hiyo mwenye timu kwenye makaratasi si kikwazo. Kikwazo ni pale mwananchi anaposikia jina la timu kwenye matokeo ya redio tu.

Klabu nyingi za mikoani, na sisemi za Dodoma peke yake, hucheza nyumbani kimyakimya. Gari la matangazo halipiti mtaani. Mchezaji haendi shuleni kuwasalimia watoto. Jezi ya timu ya mkoa inatafutwa kwa kuulizia, wakati ya Arsenal inaning'inia kila kona. Kila dirisha la usajili kikosi kinabadilika nusu yake, na shabiki aliyeanza kumpenda winga fulani anakuta ameshaondoka. Tanga wana Coastal Union tangu 1948, na mzee wa kule anaweza kukutajia vikosi vya ujana wake jina kwa jina. Mazoea ya namna hiyo hujengwa kwa miaka, na hayawezi kuanza kama mtoto wa darasa la tano hajawahi kumshika mkono nahodha wa timu ya mji wake.

Ndiyo maana hata wanaosema "ikishinda mfululizo watakuja wenyewe" siwaungi mkono moja kwa moja. Ushindi huleta watu kwa wiki chache. Anayekuja timu ikiwa nafasi ya kumi na mbili ni yule anayeiona kuwa yake.

"Uwanja mpya utamaliza tatizo"

Mpango wa uwanja mpya wa kisasa hapa Dodoma naufurahia kwa moyo wote. Ila Mkapa ni uwanja wa kisasa tangu 2007, na siku ya mechi ndogo ukubwa wake unazidisha upweke tu. Jengo linamrahisishia shabiki aliyekwisha kuamua kuja.

Mambo ya kumrahisishia hayahitaji kusubiri jengo. Mzunguko unaweza kuezekwa hata kipande, maana jua la Dodoma la saa nane halina huruma kwa mtoto. Vyoo safi vya wanawake, mabomba ya maji, geti la wanafunzi wenye sare kwa bei yao, na barua kwa Bodi ya Ligi kuomba mechi nyingi za nyumbani ziwe Jumamosi na Jumapili saa kumi jioni. Hayo yanawezekana Jamhuri msimu huu huu.