Mashine Pepe kwenye Kompyuta: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mashine pepe ni kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao vya kwake, na mfumo endeshi (kama Windows au Linux) uliosakinishwa humo hufanya kazi kana kwamba kompyuta yote ni yake. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo ulio ndani huitwa mgeni. Programu kama VirtualBox hupatikana bila malipo, kwa hiyo wengi huisakinisha kwa kutegemea maneno ya kusikia, na baadhi ya maneno hayo huweza kuwapotezea kazi yao yote.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni kwamba lolote litokealo ndani ya mashine pepe haliwezi kuigusa kompyuta mwenyeji. Utengano upo, na wachunguzi wa virusi huutegemea katika kazi zao, lakini hupungua kwa kila njia ambayo mtumiaji huifungua mwenyewe. Folda ya pamoja inayoruhusu kuandika huupa mfumo mgeni uwezo wa kubadilisha mafaili ya mwenyeji. Kirusi kinachofunga mafaili ili mwenye nayo alipe fidia kitayafikia bila kuvunja kizuizi chochote. Ubao wa kunakili, yaani mahali kinapokaa kwa muda kilichonakiliwa, ukishirikishwa pande zote mbili, nenosiri lililonakiliwa upande wa mwenyeji huweza kusomwa upande wa mgeni. Kadi ya mtandao ikiwekwa katika hali ya daraja, mfumo mgeni hujitokeza kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisi kama kifaa kingine chochote, na huweza kuvifikia vifaa vilivyomo.

Kisha programu yenyewe huweza kuwa na kasoro. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa VENOM, ambayo ilikuwa katika QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, kwenye sehemu inayoiga kidhibiti cha diski za floppy, na ambayo ingeweza kumruhusu mshambuliaji aliye ndani ya mfumo mgeni kuvuka hadi kwa mwenyeji. Ndiyo maana anayetaka kufungua faili la kutia shaka hana budi kwanza kusasisha programu ya mashine pepe, kuzima folda na ubao wa pamoja, na kuiondoa kadi ya mtandao.

Wengine huamini kwamba mashine pepe lazima iwe nzito, yaani ya polepole. Tangu watengenezaji wa vichakataji walipoongeza humo uwezo wa kusaidia mashine pepe, Intel kwa VT-x mwaka 2005 na AMD kwa AMD-V mwaka 2006, sehemu kubwa ya maagizo ya mfumo mgeni hutekelezwa na kichakataji moja kwa moja. Uzito hutokana zaidi na diski ya kuzunguka, michoro mizito, au ugawaji mbaya wa kumbukumbu. Mwenye kompyuta ya GB 8 anayeupa mfumo mgeni GB 6 akitafuta kasi humwachia mwenyeji GB 2 tu. Mwenyeji huanza kuhamishia data kwenye diski, na mifumo yote miwili huzorota. Ujumbe kwamba kompyuta haiwezi kuendesha mashine pepe nao usimkatishe mtu tamaa mapema, kwa kuwa mara nyingi VT-x au AMD-V imezimwa tu kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta.

Si kweli pia kwamba mfumo wowote huendeshwa popote. Kompyuta za Mac zilizoanza kutoka mwaka 2020 zikiwa na vichakataji vya Apple hutumia usanifu wa ARM, ambao maagizo yake ni tofauti na ya vichakataji vya Intel. Windows au Linux iliyotengenezwa kwa vichakataji vya Intel huhitaji kuigiwa kichakataji kizima, jambo linaloipunguzia kasi sana, hivyo ni afadhali kutafuta toleo la ARM. Na Windows iliyo ndani ya mashine pepe huhitaji leseni yake.

Dhana ya mwisho inahusu picha ya hali, yaani ule uwezo wa kuirudisha mashine pepe katika wakati uliopita. Wengi huihesabu kuwa nakala ya akiba, nayo sivyo. Picha ikishapigwa, faili la diski la awali huachwa lilivyo, na mabadiliko yote huandikwa katika faili jipya linalolitegemea lile la kwanza. Likiharibika la kwanza, au mtu akilifuta akidhani ni la zamani, yaliyofuata hayafunguki tena, na diski halisi ikifa vyote hufa pamoja. Picha zikirundikana kwa miezi huendelea kumeza nafasi, tena kufuta mafaili ndani ya mfumo mgeni hakuirudishi nafasi hiyo kwa mwenyeji. Nakala ya akiba hupatikana kwa kuuzima kabisa mfumo mgeni, kunakili folda yake nzima kwenye diski nyingine, kisha kuifungua nakala hiyo na kuhakikisha kwamba inawaka.